Mapipa Elfu Tatu

Hatibu alikuwa na wivu, na tusipindishe maneno. Haukuwa ule wivu wa mume kuchungulia simu ya mkewe. Huo angalau una dawa yake: unauliza, unajibiwa, mnagombana, yanaisha. Hatibu alimwonea mkewe wivu wa kazi. Mwanahawa alijua kuisoma bahari kuliko yeye, na Utende nzima ilijua hivyo, kuanzia wakubwa wa kituo mpaka muuza chapati wa njia panda, ambaye kila asubuhi alimpokea kwa maneno yaleyale: "Karibu, mume wa Bi Kipimo!"

Mume wa Bi Kipimo! Mtu mzima, ana leseni yake ya ukadiriaji wa mafuta yanayomwagika baharini, ameanza kazi huyo Bi Kipimo angali mwanafunzi, tena ndiye aliyemfundisha. Leo hana hata jina. Anajichekesha, anabeba chapati zake, anaondoka huku roho inamuuma.

King'ora kilipolia walikuwa mezani wanakunywa chai. Mwanahawa aliitazama saa yake ya mkononi, ambayo ilishaanza kusema.

"Meli ya mafuta imejichana tumbo kwenye mwamba, hapo kwenye mlango wa ghuba," alisema. "Twende, Baba Shufaa."

"Nimesikia, Mama Shufaa. Mimi si kiziwi."

Mkewe alimtazama, akavaa viatu, akanyamaza. Kanuni ya kazi yao ilitaka hivyo. King'ora kikilia, wakadiriaji wawili hawaruhusiwi kuzungumza neno lolote juu ya bahari mpaka kila mmoja awe ameshatoa namba yake peke yake, chumba chake, mlango umefungwa. Wenyewe walikuita kufunga kinywa. Wenzao wengine waliokuwa mke na mume waliona taabu kukaa kimya garini mwendo wote ule. Hatibu siku hizi aliona kama mapumziko.

Kituoni kulikuwa na zogo lake la kawaida. Wenye meli walikuwa wameshapiga simu kusema yamemwagika kidogo. Wenye meli husema hivyo siku zote, hata meli ikiwa imekatika vipande viwili. Na meli yenyewe ilikuwa zile za kujiendesha, haina baharia hata mmoja wa kumuuliza. Kwa hiyo namba ilibidi itoke kwenye macho ya watu.

Mkuu wa kituo, Mhandisi Ndalahwa, alisimama mlangoni na kikombe chake cha kahawa. Alikuwa mtu wa bara, mpole, mwenye tabia ya kufurahi waziwazi.

"Bi Mwanahawa! Ukiwepo wewe mimi nalala usingizi," alisema. Kisha akakumbuka. "Na wewe pia, Bwana Hatibu."

Na wewe pia. Hatibu alipanda ndege yake bila kuaga.

Zilikuwa ndege ndogo za mtu mmoja, zinajirusha zenyewe na kujiongoza zenyewe, kazi ya aliyemo ni kutazama tu. Ghuba ya Chole ilifunguka chini yake, na mafuta yakaonekana. Kule pembeni yalikuwa na rangi ya fedha. Hayo si ya kutisha. Chupa moja ya soda inatosha kuufunika uwanja mzima wa mpira kwa utando wa rangi hiyo. Ndani yake kulikuwa na rangi za upinde wa mvua, unene umezidi kidogo, halafu rangi ya bati. Ila mkadiriaji hahangaiki sana na hayo. Anatafuta mahali ambapo mafuta yameacha kuchezacheza na mwanga na kuonyesha rangi yao wenyewe, nyeusi au ya udongo. Hapo uwanja uleule wa mpira unameza mapipa saba na zaidi. Ukikosea rangi moja tu, umekosea namba yote.

Na namba ndiyo iliyoamua kiasi cha chachu. Jina hilo walilitunga watu wa pwani wenyewe, na wataalamu wakachoka kulikataa. Vilikuwa viumbe vya kutengenezwa maabara, vidogo hata havionekani, vinavyokula mafuta. Meli ya kulisha ilitia nanga ndani ya ghuba na matangi yake, ikingoja kuambiwa imwage kiasi gani. Ikimwaga kidogo, mafuta yanafika kwenye mikoko, na mikoko ikishalowa mafuta haina maisha. Ikizidisha, chachu inakosa chakula. Na chachu ikikosa chakula haifi palepale. Inaendelea kupumua, na hewa yake ni ileile ya samaki. Zamani mashine ndiyo iliyokuwa inakadiria na kumwaga, yenyewe kwa yenyewe, mpaka ilipokiona kivuli cha wingu kubwa huko kusini ikadhani ni mafuta, ikakilisha. Siku hiyo mtu aliweza kutembea ufukweni bila kukanyaga mchanga, anakanyaga samaki. Ndipo ikatoka sheria ya macho ya watu wawili.

Hatibu aliyajua hayo yote, angeweza kuyasema usingizini. Lakini jamani, macho yake asubuhi ile hayakuwa baharini. Yalikuwa kwenye ndege ya mkewe.

Aliiona inalipita doa kubwa la rangi ya udongo upande wa kisiwa cha Juani, inaelekea mashariki, jua limekaa usoni kabisa. Moyo ulimruka. Jua usoni! Somo la kwanza kabisa: ukilitazama doa nalo jua liko mbele yako, mng'ao unakudanganya, zito unaliona jepesi. Yeye mwenyewe alimfundisha hilo, kwenye kiti cha nyuma cha ndege ya zamani, wakati wakiwa hawajaoana.

"Leo umeteleza, mama," alisema peke yake, na akashangaa jinsi alivyofurahi.

Akalipita doa lile yeye pia, jua likiwa kisogoni kama inavyotakiwa. Kahawia, zito, pana. Akatia hesabu yake kichwani. Hakuona haja ya kurudi kutazama mara ya pili, wala hakugeuka kuona kama mkewe amerudi.

*

Katika chumba cha mkutano, Mizani ilikuwa ukutani, kioo kirefu chenye majina yao mawili. Usidhani ni mizani ya nyama. Ilikuwa mashine iliyokumbuka kila namba waliyowahi kuitoa na kuilinganisha na ukweli uliojulikana baadaye. Kwa kumbukumbu hizo ilimpa kila mmoja uzito wake. Miaka ya nyuma uzito wa Hatibu ulikuwa juu. Siku hizi, katika kila mia, themanini zilikuwa za Mwanahawa na ishirini zake. Kila akiingia chumba kile alijikuta ameshaukodolea macho ukuta huo kabla ya kusalimia watu.

Namba zilitokea pamoja. Mwanahawa, mapipa mia nne. Hatibu, mapipa elfu tatu.

Watu waliguna. Mizani ilipiga hesabu yake na kutoa jibu: mapipa mia tisa na ishirini. Maana yake ni kwamba namba ya Hatibu imeongezea chumvi tu kwenye mboga ya mkewe.

"Naweka pingamizi," Hatibu alisema.

Ndalahwa aliweka kikombe chini taratibu. Pingamizi lilikuwa halijasikika kituoni hapo kwa muda mrefu, na sababu ilikuwa inajulikana. Anayepinga ndiye anayeshuka baharini kwa mashua, anayagusa mwenyewe kwa mkono, halafu anatamka redioni kilichopo. Akisema ni mafuta, namba yake ndiyo inayomwagwa, Mizani inakaa pembeni. Akisema siyo, leseni yake inakufa papo hapo na hatapima tena maisha yake. Mwenzake naye ana njia moja tu: akiona ameshindwa, anaachia namba yake. Akishaachia hakuna cha kungoja tena, matangi yanafunguka.

"Bwana Hatibu," Ndalahwa alisema, "unapinga kwa msingi gani?"

"Amepita doa la Juani jua likiwa usoni. Nimemwona kwa macho yangu. Hili kosa hata mwanagenzi halifanyi."

Neno mwanagenzi lilimtoka kwa nguvu kuliko alivyokusudia, na watu wakatazama sakafu. Mwanahawa hakutazama sakafu.

"Nilipita hivyo mara ya kwanza, ni kweli," alisema. "Nikaigeuza ndege nikarudi, jua kisogoni. Lile doa si mafuta, Baba Shufaa. Ule ni ukoko."

Chachu ikishakula na kufa huelea juu ya maji kama gamba, na hilo gamba ndilo waliloliita ukoko.

"Ukoko! Tumelisha mara ya mwisho mwezi uliopita. Ukoko unazama ndani ya wiki. Au leo umebadilika?"

"Unazama ukiwa majini. Huu ulikwama kwenye mikoko ya Juani. Jana ilikuwa bamvua, maji yamepanda mpaka juu, yamezoa kila kilichokuwa kimekwama. Umekaa juani wiki zote hizo, umekuwa na rangi ya mafuta yaliyopigwa na mawimbi. Hata mimi mara ya kwanza nilitaka kudanganyika."

Alisema kwa upole. Huo upole ndio uliomchoma zaidi. Angalau angefoka, angemwita mzee, angemwambia umechoka, nenda kavue viatu ukae barazani. Badala yake anamfafanulia, mbele ya watu, kama anavyowafafanulia wageni wanaokuja kupiga naye picha.

"Nashuka," Hatibu alisema. "Mashua iko wapi?"

*

Pandu, mwendesha mashua, alikuwa mcheshi na rafiki wa siku nyingi. Njia nzima aliongea yeye.

"Leo umemkata kauli Bi Mkubwa! Nilikuwa nasikiliza redioni. Nikasema haya, simba kaamka."

"Endesha, Pandu."

"Naendesha. Ila nakwambia, kijiwe kizima leo ni wewe tu. Wameshaanza kukuita Mzee wa Elfu Tatu."

Hatibu alitazama mbele ili Pandu asione anavyotabasamu. Mzee wa Elfu Tatu. Lilikuwa jina lake mwenyewe, halina mke ndani yake.

Walifika. Doa lilikuwa pana kuliko lilivyoonekana kutoka juu, limelala juu ya maji bila kupinda. Mita chache upande wa pili kulikuwa na mafuta ya kweli, meusi, yanang'aa, yanasogea na mkondo. Pandu alizima injini akabaki nyuma na usukani wake. Hatibu alivaa glavu, akainama ukingoni, akatia mkono.

Likavunjika.

Alilivuta donge juu, likamomonyoka vidoleni. Mafuta hayamomonyoki, mafuta yananata, yananyooka, yanakataa kutoka. Alilipeleka puani. Harufu ilikuwa ya togwa iliyochachuka ikasahaulika jikoni. Alitia mkono tena, mbali kidogo. Likavunjika tena. Ukoko mtupu, kutoka hapo mpaka kwenye mikoko.

Kwa hiyo mkewe alikuwa sahihi. Ameona akiwa angani, akipita mbio, kitu ambacho yeye amelazimika kukishika na kukinusa. Hatibu alibaki ameinama. Kilichompata hapo hakikuwa hofu ya samaki, wala ya leseni. Hivyo vilikuja baadaye. Kilikuwa chuki safi. Kwa nini yeye? Kwa nini kila mara awe yeye?

Redio kifuani ilikwaruza. "Bwana Hatibu," ilikuwa sauti ya Ndalahwa, "tunakungoja. Maji yameanza kujaa. Ni nini hicho?"

"Bado naangalia."

"Vipi, ndiyo yenyewe?" Pandu aliuliza kutoka nyuma.

"Subiri kidogo."

Alikitazama kichupa cha sampuli, kitupu, mkononi. Neno moja tu lilihitajika. Akilisema, jioni atapita njia panda akiwa mume wa Bi Kipimo asiye hata na leseni. Shufaa, binti yao, aliwahi kumuuliza, kwa nia njema kabisa, "Baba, kwani na wewe unapimaga?" Alikumbuka sherehe ya kumpongeza mkewe mwaka jana, walivyomkalisha yeye safu ya tatu. Alikumbuka vile mkewe anavyorudi nyumbani na kuvua sifa zote mlangoni, anapika, anacheka, hajivuni hata kidogo, mpaka mtu unakosa hata pa kuanzia ugomvi. Angekuwa na majivuno, Hatibu angepumua.

Halafu akayatazama yale mafuta ya kweli, pale karibu.

"Pandu, sogeza mashua pale kidogo."

"Pale kwenye nyeusi? Si ulisema ni hili la kahawia?"

"Sogeza, bwana."

Pandu alisogeza. Hatibu aliinama, akakizamisha kichupa kwenye mafuta meusi, akakitoa kimejaa. Kilinata kwenye glavu kama asali. Alikifunga kifuniko. Hapo alipo angeweza kusema "ni mafuta," naye asingekuwa amesema uongo juu ya kilichomo kichupani. Aliifikiria hiyo hoja. Aliiona ni nzuri.

Alikuwa hajaamua. Hilo alijiapiza baadaye mara nyingi, kwamba alikuwa hajaamua, kwamba labda angeamua vizuri. Lakini wakati yeye anapima kama alivyozoea kupima, redio ikakwaruza tena, na safari hii sauti haikuwa ya Ndalahwa.

"Baba Shufaa." Ilikuwa inasikika ghuba nzima, kituoni, kwenye meli ya kulisha, kila mahali. "Najua kwa nini umenyamaza. Ingekuwa ukoko ungeshasema, nakujua. Umekuta mafuta, unanistahi usiniaibishe mbele za watu. Usinistahi, mume wangu. Maji yanajaa, na mikoko haina muda. Nimekosea mimi. Naachia namba yangu."

Hatibu aliikamata redio kwa glavu yenye mafuta.

Kwenye meli ya kulisha pampu ziliunguruma. Mabomba marefu pande zote mbili yalitema maji meupe kama tui, mapipa elfu tatu ya njaa juu ya ghuba yenye chakula cha mapipa mia nne.

"Funga!" Alipiga kelele, sauti inapasuka. "Funga! Ndalahwa, funga! Ni ukoko!"

"Sema tena? Sema kwa kanuni, Bwana Hatibu, mashine haifungi kwa kelele!"

"Mimi Hatibu Mkadam, mkadiriaji, nimeyagusa kwa mkono wangu. Siyo mafuta. Ni ukoko. Naondoa pingamizi langu, narudisha leseni yangu. Funga, kwa jina la Mungu!"

Mabomba hayakunyamaza mara moja. Maji meupe yaliendelea kutoka, yakapungua, yakawa matone. Pandu alikuwa amesimama, mikono kichwani. Hakuwa na mzaha wowote.

*

Kesho yake mchana samaki walianza kupanda juu. Walikuja na midomo wazi, wanatafuta hewa mahali ambapo haikuwa yao. Upande wa Juani wote ulikuwa mweupe kwa matumbo. Changu, tasi, pono, hata mkunga ambaye hajawahi kuonekana nje ya pango lake mchana, wote walikuwa pale. Potwe mmoja mchanga, yule samaki mkubwa mpole ambaye watu hutoka mbali kuja kuogelea naye, alikwama kwenye maji mafupi akivuta pumzi taratibu, na watu waliomzunguka hawakuwa na la kumfanyia. Nusu ya pili ya ghuba, upande wa Chole, ilikuwa hai.

Na hiyo nusu, jamani, ndiyo iliyomfanya Hatibu kuwa shujaa. Maana dunia ina vituko. Ndalahwa alisimama mbele ya kamera akasema, machozi yakimlengalenga, kwamba kama si ujasiri wa mtu mmoja aliyekubali kupoteza kazi yake ili aseme kweli, leo wangekuwa wanazika ghuba nzima. Muuza chapati alikataa kupokea malipo. "Chukua tu, Bwana Hatibu," alisema. Bwana Hatibu! Wazee wawili walimshika mkono kwa mikono yote miwili. Pandu peke yake hakuja kumsalimia, na alipoulizwa na watu wa kamera alisema yeye alikuwa nyuma na usukani, hakuona kitu.

Lawama zote alibebeshwa Mwanahawa. Aliyekuwa sahihi ndiye aliyeachia namba yake, walisema. Mtu mwenye uzito ule anaachiaje? Mizani, ambayo haijui kuuliza sababu, iliuangusha uzito wake usiku uleule. Hatibu alilisikia hilo kituoni alipokwenda kukabidhi vifaa, na kitu kidogo kibaya ndani yake kiliruka kwa furaha kabla hajawahi kukizuia.

Alimkuta mkewe kwenye gati, amekaa ukingoni, miguu inaning'inia juu ya maji. Alikaa karibu naye. Walitazama watu wanavyozoa samaki kwa matenga.

"Nilikuwa nawaza," Mwanahawa alisema, "nikisema nimeharibu mimi, ni kweli nimeharibu mimi. Lakini nikikumbuka ulivyopiga ile kelele, najua unavyoipenda hii kazi kuliko chochote, na ukaitupa hivihivi mbele za watu. Nimejivuna, Baba Shufaa. Wacha wanitukane. Nimejivuna kuwa na wewe."

Alimwegemea begani. Hatibu alihisi uzito wa kichwa chake. Alikuwa na kila kitu alichokuwa akikitaka, jina, heshima, mkewe chini na yeye juu, na kilichotakiwa ili vibaki ni kukaa kimya tu. Pandu asingesema. Kichupa alikitupa baharini mwenyewe.

"Ila kuna kitu sijakielewa," mkewe aliendelea. "Ukoko ukiugusa tu unavunjika. Mbona ulichukua muda vile? Ulikuwa hujafika kwenye doa?"

Tayari alikuwa amempa na jibu. Kusema ndiyo tu, nilikuwa sijafika, basi, yameisha. Hatibu alitazama yule potwe kule kwenye maji mafupi. Mkia haukuwa ukisogea tena.

"Nilikuwa nimefika," alisema.

"Umefika, ukawa hujaugusa."

"Niliugusa. Uliponiita nilikuwa nimeshaujua zamani. Nilikuwa na kichupa mkononi, nimekijaza mafuta ya pembeni. Nilitaka siku moja tu wewe ndiye uwe umekosea, Mwanahawa. Hukunikosea kitu chochote. Nilitaka tu hivyo."

Kichwa kiliondoka begani. Hatibu alingoja kofi, alingoja tusi, angeshukuru kwa lolote. Mwanahawa aliyatazama yale maji meupe, upande wa Juani wote, mpaka macho yake yanapoishia. Alipogeuka hakumwita Baba Shufaa.

"Ungenichukia mimi, Hatibu," alisema. "Mimi nilikuwa nyumbani kwako kila siku. Bahari imekukosea nini?"